Mtoto Asiwe Kipimo cha Sumu

Mtu mzima akimeza dawa mbaya, kwa kawaida huugua yeye mwenyewe. Lakini mama mjamzito aweza kumeza dawa mbaya asiumwe hata kichwa, na madhara yakamtokea mwanawe miaka 20 baadaye. Jambo hili si la kubuni. Lilitokea Marekani na Ulaya, nasi twaona yafaa wasomaji wetu walijue, kwa maana latufundisha jinsi ya kuzitazama kemikali zinazotuzunguka leo.

Mwaka 1938 bingwa wa Uingereza, Charles Dodds, pamoja na wenzake, walitangaza kuwa wametengeneza kitu kinachofanya kazi kama homoni ya kike. Kikaitwa dietilistilbestroli, kwa kifupi DES. Kilikuwa rahisi kutengeneza, tena kilimezwa tu. Baadaye madaktari wakaanza kuwapa wajawazito, wakitumaini kwamba kitazuia mimba zisiharibike. Mwaka 1953 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya kuijaribu dawa hiyo kwa wanawake zaidi ya 1,600, wengine wakipewa dawa yenyewe na wengine vidonge vitupu. Haikuonekana faida yo yote. Hata hivyo dawa iliendelea kutolewa.

Ikapita miaka 18. Aprili 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston walieleza habari za wasichana 8 waliopatwa na saratani ya uke, ya namna iliyokuwa nadra sana kwa vijana. Katika mama zao 8, mama 7 walikuwa wametumia DES walipokuwa wajawazito. Novemba mwaka ule ule serikali ya Marekani ikawaonya madaktari wasiwape tena wajawazito. Lakini mama na watoto waliokwisha kufikiwa na dawa hiyo katika nchi ile peke yake wakadiriwa kuwa kati ya milioni 5 na milioni 10. Saratani iliwapata wachache, kama binti 1 katika 1,000. Wengi zaidi walipata shida ya kushika mimba, au mimba ziliharibika, au walijifungua kabla ya wakati. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hapa hayakumngoja mjukuu. Yalifika kwa binti.

Kwa nini mtoto aumie kuliko mama? Homoni ni tarishi wa mwili: huchukua amri, nazo kidogo tu yatosha. Kwa mtu mzima nyumba imekwisha jengwa. Tumboni nyumba ingali inajengwa, na amri ya uongo ikifika siku ile ukuta unaposimamishwa, ukuta hukaa upande, wala hakuna fundi atakayerudi kuunyosha.

Wako watakaosema kuwa hayo yamepita. Lakini Dodds huyo huyo alionyesha mwaka 1936 kwamba bisfenoli A nayo huiga homoni ya kike, ingawa kwa nguvu ndogo. Hiyo haikufanywa dawa; ilitiwa katika plastiki ngumu, katika utando wa ndani ya makopo ya chakula, na katika chupa za kunyonyeshea watoto. Umoja wa Ulaya ulizikataza chupa hizo mwaka 2011, miaka 75 baadaye. Na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, yalieleza kuwa kemikali karibu 800 zajulikana au zashukiwa kuingilia kazi ya homoni, na kwamba zilizochunguzwa ni chache tu.

Hatusemi kwamba kila plastiki ni sumu. Wataalamu wangali wanabishana juu ya kiasi cha madhara ya bisfenoli A kwa binadamu. Tunalosema ni hili: hoja ya kungojea ushahidi kamili ndiyo iliyowaponza mabinti wa DES, kwa sababu ushahidi wenyewe ulikuwa miili yao. Anayetaka kuuza ndiye athibitishe kwanza, na athibitishe kwa kumfikiria aliye tumboni. Serikali yo yote inayowapenda watu wake haina budi kumdai hivyo. Na nyumbani, wakati wa kungojea sheria hizo, uji wa moto wa mtoto na utiwe katika kikombe cha bati au cha udongo.