HERUFI D.C. NA MAANA ZAKE

Wengi wakiziona herufi D.C. katika barua au tangazo la Serikali hudhani zina maana moja tu. Sivyo. Kufupisha maneno humpunguzia mwandishi kazi, lakini kazi hiyo humwangukia msomaji, naye akikosea hupata hasara.

Maana iliyozoeleka katika nchi zetu ni District Commissioner, yaani Mkuu wa Wilaya. Zamani za utawala wa Waingereza ndiye aliyesimamia kodi na kusikiliza mashauri, hata watu wakamwita Bwana Shauri. Huko Kenya cheo hicho kiliendelea baada ya uhuru wa mwaka 1963. Lakini tangu mabadiliko yaliyofuata Katiba ya mwaka 2010 yuko D.C.C., aliye chini ya Kamishna wa Kaunti. Uganda yuko R.D.C., atajwaye katika Katiba ya mwaka 1995. Katika Tanzania jina la D.C. lingali likitumika. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, naye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya yake.

Lakini hapo hapo Tanzania pana mtego. Halmashauri ya Wilaya nayo kwa Kiingereza ni District Council, na kifupi chake ni D.C. vile vile. Msomaji akiona katika orodha ya Serikali maneno “Kilosa DC”, asidhani ametajwa Mkuu wa Wilaya. Iliyotajwa ni Halmashauri, yenye madiwani wake, chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 1982. Mtendaji wake mkuu ni Mkurugenzi, aitwaye D.E.D. Basi mtu mwenye shauri la ushuru wa soko, akiandika juu ya bahasha “Kwa D.C.” tu, barua yaweza kupelekwa ofisi nyingine, na siku zake za kudai zikapita bure.

Ng'ambo nako herufi hizi zina kazi nyingine. Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani, umo katika Wilaya ya Columbia, isiyo sehemu ya jimbo lolote. Katika polisi ya Uingereza, D.C. ni mpelelezi wa cheo cha chini kabisa. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, afisa mwenye herufi hizo baada ya jina lake ni daktari wa meno. Na fundi wa umeme akizitaja, asema habari za umeme wa betri, upitao upande mmoja tu.

Ongeza herufi moja, uone hatari yake. Katika jeshi la Uingereza, D.C.M. ilikuwa nishani ya ushujaa, iliyoanzishwa mwaka 1854 na kukomeshwa mwaka 1993. Askari wa K.A.R. nao waliipata. Lakini D.C.M. hiyo hiyo ilikuwa pia mahakama ya kijeshi iliyowahukumu askari wenye makosa. Aliyesikia kwamba nduguye “amepata D.C.M.” ilimpasa aulize kwanza, ndipo ashangilie au ahuzunike.

Kwa hiyo, msomaji, uandikapo kwa Serikali taja cheo na ofisi kwa maneno kamili: “Mkuu wa Wilaya” au “Mkurugenzi wa Halmashauri”. Na upatapo barua yenye herufi usizozielewa, mwulize karani aliyekupa kabla hujaondoka. Kuuliza si ujinga.