Kababu za oda: uchanganye nini kwenye nyama ya kusaga ili upate faida na mteja arudi

Leo naongea na sisi tunaouza kababu, katlesi na mkate wa nyama kwa oda za WhatsApp. Swali ninaloulizwa sana inbox ni hili: "Dada, kwenye kilo moja ya nyama naweza kuchanganya nini, na kiasi gani?" Nimeona nilijibu hapa mara moja, ili kila mtu afaidike.

Mimi niko Ngorongo huku Rufiji. Oda zangu nyingine zinaenda Ikwiriri na Kibiti kwa bodaboda au basi, kwa hiyo kababu yangu lazima ivumilie safari na joto. Kama unauzia watu wa mtaani kwako tu, kazi yako ni nyepesi kidogo, lakini kanuni ni zilezile.

KWANZA, KIJAZIO KINAFANYA KAZI GANI?

Kijazio ni kile unachochanganya na nyama: mkate, viazi, muhogo, chenga na kadhalika. Wengi wanadhani kazi yake ni kuongeza wingi basi. Hapana. Nyama ikipata moto inajikaza na kukamua maji na mafuta yake. Ndio maana kababu ya nyama tupu inaingia kikaangoni kubwa, inatoka ndogo na ngumu. Wanga wa mkate au viazi unayanywa yale maji na kuyashika ndani, kababu inabaki laini hata ikipoa. Kwa hiyo hata mwenye hela ya nyama tupu bado anahitaji kijazio kidogo.

Yai kazi yake ni kushikanisha. Mawili kwa kilo yanatosha. Ukizidisha, kababu inakuwa kama mpira.

VIJAZIO KIMOJA KIMOJA

1. Mkate mkavu. Huu ndio chaguo langu la kwanza. Mkate wa jana au juzi, usio na ukungu, loweka kwenye maziwa au maji hadi ulainike, kisha uvuruge. Kwa kilo ya nyama natumia gramu 150 za mkate na mililita 150 za maziwa. Njia hii ni ya zamani na iko sehemu nyingi duniani: Waitaliano wanaloweka mkate kwa ajili ya vidonge vyao vya nyama, na Afrika Kusini bobotie inaanza na mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Ukiona ukungu hata sehemu moja, tupa mkate wote. Usikate kipande ukabakiza kingine.

2. Chenga za mkate. Kausha mkate, saga au twanga. Chenga zinakunywa maji zaidi, kwa hiyo zinafaa sana kwenye samaki au nyama yenye maji mengi. Ziongeze kidogo kidogo, uache dakika kumi zinywe, ndipo uamue kama unahitaji nyingine. Ukizimwaga zote kwa pupa utapata kababu kavu.

3. Viazi mviringo. Chemsha na maganda yake ili visinywe maji, menya, ponda vikiwa vya moto, acha mvuke utoke kabisa. Viazi vyenye maji ndio sababu kubwa ya katlesi kupasuka kwenye mafuta.

4. Muhogo. Huku kwetu ndio rahisi kupata, na unajaza kweli. Tumia muhogo mtamu tu, umenye, uchemshe uive sawasawa, utoe ule uzi wa katikati, uponde ungali moto. Usikune muhogo mbichi ukachanganya na nyama. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kukaanga kwa dakika chache hakuiondoi. Pia ujue kababu ya muhogo ikipoa inakuwa nzito, hivyo inafaa kwa anayekula palepale kuliko ya kusafirishwa.

5. Wali. Unafaa, mradi uwe umepikwa siku hiyohiyo. Kiporo cha wali kilicholala nje usiguse kabisa. Kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, vinazaliana kwenye wali ulioachwa kwenye joto, na sumu yake haiishi hata ukikaanga upya. Mteja akiharisha na kutapika hatakumbuka wali, atakumbuka jina lako.

6. Unga wa ngano. Vijiko viwili vya chakula kwa kilo kusaidia kushika, basi. Ukizidi, kababu inakuwa na ladha ya chapati mbichi.

7. Soya ya kukaushwa, ile ya vipande. Loweka maji ya moto, kamua sana, saga pamoja na nyama. Inafanana na nyama machoni, na hapo ndipo majaribu yanapoanza. Nitaeleza chini.

HESABU YAKE

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu, wewe weka za sokoni kwako.

Kababu A, karibu nyama tupu: nyama kilo 1 sh 12,000, kitunguu gramu 100 na viungo sh 1,000. Jumla sh 13,000, uzito gramu 1,100. Ukifinyanga za gramu 50, unapata 22. Kila moja imekugharimu kama sh 590.

Kababu B, yenye mkate: ongeza mkate gramu 150 (sh 700), maziwa mililita 150 (sh 500), mayai 2 (sh 800). Jumla sh 15,000, uzito kama gramu 1,500. Unapata 30. Kila moja sh 500.

C, yenye viazi juu yake: ongeza tena viazi gramu 500 (sh 750). Jumla sh 15,750, uzito gramu 2,000. Unapata 40. Kila moja kama sh 394.

Hapo bado mafuta, mkaa, vifungashio na nauli. Lakini umeona? Kutoka A kwenda B umepunguza gharama na kababu imekuwa laini zaidi, wote mmefaidika. Kutoka B kwenda C umepunguza sh 106 nyingine, ila sasa nyama ni nusu tu ya mchanganyiko. Hiyo siyo kababu tena, ni katlesi. Ni chakula kizuri, watu wanakipenda, kiuze kwa jina lake na bei yake.

Ndio maana nasisitiza mzani. Mzani mdogo wa jikoni ni mtaji. Kama huna, tumia kikombe kimoja cha kahawa kupimia kila kidonge, zote zitoke sawa. Bila kipimo hujui unapata faida au unawalisha watu bure.

MTEJA AKITAKA BEI YA CHINI

Hii inatokea sana kwenye shughuli. Mtu anataka kababu 200 za maulidi, unamwambia sh 800, anakwambia "mwingine kanipa 600." Hapo moyo unakwambia: kubali, kisha uongeze viazi na soya kimyakimya. Usifanye hivyo.

Mimi namjibu hivi: "Kwa 600 nakufanyia katlesi, nyama nusu viazi nusu, tamu na zinajaza. Kababu yenyewe ni 800. Au nikuchanganyie 100 kwa 100?" Mteja anachagua mwenyewe. Wengi wanachagua mchanganyiko, na wageni wakila hakuna anayesema ameibiwa. Kwako hesabu iko wazi: kababu 200 za B zinataka nyama kama kilo 7, katlesi 200 zinataka kilo 5.

Mambo haya yamewahi kutikisa hata kampuni kubwa. Mwaka 2013 huko Ulaya vyakula vilivyoandikwa nyama ya ng'ombe viligundulika vina nyama ya farasi. Iligunduliwa kwanza Ireland, kisha nchi nyingi zikafuata, na bidhaa zikaondolewa madukani. Wenye matangazo ya televisheni na wanasheria walihangaika. Sisi wenye status ya WhatsApp na majirani tutapona vipi? Na huku kwetu wateja wengi wanauliza nyama imechinjwa wapi na nani. Ukidanganya kwenye kijazio, watauliza na nyama yenyewe.

Kuna la muhimu kuliko hata jina: mzio. Kuna watu, hasa watoto, wakila karanga, yai, maziwa, ngano au soya wanavimba au kubanwa na pumzi. Unga wa lishe wengi tunautumia kama kijazio bila kufikiri kwamba mara nyingi una karanga na soya ndani. Andika kwenye tangazo lako na kwenye kifungashio: "Ina nyama ya ng'ombe, mkate wa ngano, mayai, maziwa." Mstari mmoja, haukugharimu kitu, na unaweza kuokoa mtoto wa mtu.

NAMNA YA KUCHANGANYA

- Nyama iwe ya baridi. Weka chumvi kwanza, kanda hadi uone inanata mkononi. Chumvi ndiyo inayofanya nyama ishikane yenyewe.
- Ndipo uweke mkate uliolowekwa, yai, kitunguu ulichokamua maji, na viungo.
- Usionje mbichi. Kaanga kidonge kimoja, onja, rekebisha, ndipo ufinyange zote.
- Mkate wa nyama ni mchanganyiko uleule wa B, unaushindilia kwenye bati la keki lililopakwa mafuta, unaoka, unaacha utulie dakika 15, ndipo unakata slesi. Ukikata wa moto utabomoka.
- Ive hadi katikati. Pasua moja: isiwe na wekundu na maji yake yawe meupe. Mwenye kipimajoto, nyuzi 71 katikati.

KUSAFIRISHA

Mchanganyiko mbichi wenye mkate na yai usilaze nje hata kidogo. Ama upike siku hiyo, ama ufinyange na kugandisha. Zilizoiva ziache zipoe kwanza juu ya waya au karatasi; ukifunika za moto, mvuke unazilowesha. Chakula cha nyama kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali kama letu, hesabu saa moja. Safari ikiwa ndefu kuliko hapo, zipooze na uzipakie kwenye kisanduku chenye barafu, umwambie mteja azipashe moto vizuri akizipokea.

Mwisho, piga picha ya kababu iliyopasuliwa, siyo nzima tu. Anayeuza kababu halali haogopi kuonyesha ndani. Chagua kijazio chako, kipime, kiandike, na bei yako isimamie hapo.

Kazi njema, na oda ziwe nyingi.