Surua: kirusi kinachoinyamazisha seli

Kamina, katika Katanga ya Kongo (DRC), ni mji wa reli. Kutoka hapa njia moja huenda Lubumbashi, nyingine Ilebo, nyingine Kabalo hadi Kalemie, na ndani ya behewa lililojaa mtoto mwenye surua anaweza kusafiri bila mama yake kujua kwamba anaumwa. Wapo wanaomlaumu mama wa namna hiyo kwa kuchelewa kituo cha afya. Kwangu lawama hiyo haina haki. Tangu kirusi kiingie kwa njia ya hewa hadi vipele vitoke, hupita takriban wiki 2, na mtoto huanza kuambukiza wengine siku 4 kabla ya vipele.

Ukimya huo una sababu. Seli ikivamiwa, kwa kawaida hupiga yowe la mwizi: hutoa interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, na seli jirani zikilisikia hujifungia. Hiyo ni kinga ya asili, isiyohitaji kumkumbuka adui. Kirusi cha surua huunda protini V, inayokishika kihisio cha MDA5 ambacho kazi yake ni kuitambua RNA ya kigeni, yaani maandishi ya urithi ya kirusi. Protini hiyo hiyo huwazuia STAT1 na STAT2, wapeleka habari wa interferoni. Yowe halipigwi, na likipigwa halifiki popote.

Tena kirusi hiki huanza na seli za kinga zenyewe, zile zenye kipokezi CD150, nazo hukisambaza mwilini. Utafiti wa 2019 kwa watoto wasiochanjwa wa Uholanzi ulionyesha kuwa surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Ndipo nimonia na kuhara humkuta mtoto mikono mitupu.

Vipele hutokea seli T, askari wa kinga, zinapofika kupambana, lakini kirusi hakiondoki siku hiyo. Huko Lusaka, watafiti walikuta RNA yake kwa baadhi ya watoto zaidi ya mwezi mmoja baada ya vipele. Mara chache hujificha kwenye ubongo, kikipita kutoka neva hadi neva, na kuua miaka kadhaa baadaye.

Katanga yetu iliiona surua mwaka 2015, eneo la Malemba-Nkulu likiwamo. Kuanzia 2019 hadi Januari 2020, Kongo nzima ilihesabu wagonjwa wa kushukiwa zaidi ya 310,000 na vifo zaidi ya 6,000, wakati kamera za dunia zilikuwa Beni, mashariki mwa nchi, kwa ajili ya Ebola, iliyoua watu wachache zaidi.

Chanjo huwahi kabla ya mvamizi, kwa hiyo mwili hautegemei yowe lile. Lakini ni lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi hadi kijiji cha mwisho, kwa pikipiki au mtumbwi, na dozi moja katika umri wa miezi 9 hukinga watoto kama 85 kati ya 100. Hao 15 wanahitaji dozi ya pili.