Kazi ya Mtandaoni na Baridi ya Sumbawanga

Kila likizo ndefu ikikaribia, swali ni lile lile: miezi mitatu bila boom tutaishije? Siku hizi wengi wanajibu, "Nitafanya kazi mtandaoni." Halafu mtu anakuonyesha kwenye simu picha ya kijana kakaa kwenye nyumba ya mbao huko Norway, nje theluji tupu, mezani kompyuta na kikombe cha kahawa. Anasafiri huku analipwa. Na sisi tunatamani.

Mimi nimeifanya kazi ya namna hiyo, ila sio Norway. Niliifanyia nyumbani Sumbawanga, kuanzia mwishoni mwa Julai, mteja akiwa Helsinki, Finland. Nilikuwa nasikiliza sauti za Kiswahili na kuandika kilichosemwa. Nilikuwa nadaiwa ada, kwa hiyo sikuwa na mchezo. Naandika haya kwa sababu kuna mambo nilidhani nayajua, na moja kati ya hayo lilikaribia kuniua.

Baridi yetu inatoka wapi

Wenzetu wa Dar wakisikia Sumbawanga ni baridi wanadhani tunatia chumvi. Mji uko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, juu ya uwanda wa Ufipa. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana ukishuka Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, unavua koti njiani. Umeshuka mita 1,000 hivi. Ukishuka bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili, hali ni hiyo hiyo.

Juni hadi Agosti ni kiangazi, mawingu hakuna. Mchana jua linawaka vizuri, lakini usiku ardhi inapoteza joto lake lote kwenda angani, kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia. Uwanda wenyewe sehemu kubwa ni nyasi, kwa hiyo upepo unapita bila kizuizi. Alfajiri nyuzi zinaweza kushuka chini ya 10. Na alfajiri yetu ni ndefu: tuko mbali magharibi mwa Dar lakini tunatumia saa moja nao, hivyo mwezi Juni jua linachomoza saa 1 imeshapita.

Baridi ya nje na baridi ya ndani

Hapa ndipo nilipokosea. Nilijilinganisha na yule kijana wa kwenye picha: kama yeye anaweza kwenye theluji, mimi nishindwe na baridi ya Ufipa? Kumbe tulikuwa hatulingani kabisa. Nyumba za Finland zimejengwa kwa ajili ya baridi. Kuta zina tabaka nene la kuzuia joto lisitoke, madirisha yana vioo viwili au vitatu, na mijini maji ya moto yanasambazwa kwa mabomba kutoka mitamboni hadi kwenye majengo. Nje inaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani ni kama nyuzi 20. Yule kijana anafanya kazi akiwa na fulana.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma na bati, na juu ya ukuta kuna nafasi ambayo upepo unapita. Baridi ya kwao iko nje. Ya kwetu inaingia, inakaa kitini, inakushika vidole hadi kuandika kunakuwa shida. Kinachowasumbua wao zaidi wakati huo ni giza. Helsinki mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana haufiki saa 6. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Sisi mwaka mzima tunapata karibu saa 12 za mwanga.

Jiko la mkaa

Usiku mmoja mwanzoni mwa Agosti nilikuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi. Nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga mlango na dirisha, nikaziba na nafasi ya chini ya mlango kwa kanga. Chumba kikapata joto, nikafurahi. Baada ya muda kichwa kikaanza kuuma. Nikasema ni uchovu, nikaendelea. Kichefuchefu kikaja, miguu ikawa mizito, na nilipotaka kusimama nikaanguka. Shangazi alisikia kishindo, akasukuma mlango, akaniburuta hadi uani.

"Mwanangu, ungekufa hivi hivi sisi tukidhani umelala!"

Alikuwa sahihi. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, damu inaibeba badala ya oksijeni, maana inaishika kwa nguvu zaidi. Mwili unakosa oksijeni ukiwa umekaa tu kitini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, yaani zile zile za mtu aliyekesha akisoma. Kwa sisi tuliozoea kukesha, hatari iko hapo: unajiambia umechoka, unalala, huamki.

Jiko libaki nje. Chupa ya maji ya moto chini ya blanketi inatosha kwa miguu. Vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito. Na kazi kubwa ifanye kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, jua likiwepo. Ukimkuta mtu na dalili hizo kwenye chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa kwanza, halafu hospitali, hata akisema ameshapata nafuu.

Saa za mteja

Kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, saa ya Finland ni sawa na yetu. Sweden, Norway na Denmark wako nyuma yetu kwa saa 1. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wote hao wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo Finland inakuwa nyuma yetu kwa saa 1 na wale wengine kwa saa 2. Iceland haibadilishi, iko nyuma yetu kwa saa 3 mwaka mzima. Mimi sikulijua hilo. Jumatatu iliyofuata niliingia kwenye kikao saa 3 asubuhi kama kawaida, nikakaa peke yangu saa nzima nikiunguza bando. Jambo lingine: Julai wengi wa Finland wako likizo, hivyo tafuta kazi mapema au subiri Agosti.

Umeme nao upangie. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa inapata umeme kutoka Zambia, sio gridi ya taifa, na kukatika tumekuzoea. Mimi nilikuwa napakua sauti zote usiku kwa bando la usiku, najaza simu na pawabenki, halafu mchana naandika bila kuhitaji mtandao hadi wakati wa kutuma.

Na kwenda huko je?

Wengi mnauliza hili. Nchi zote 5 za Nordiki ziko ndani ya Schengen, na mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza. Viza fupi mwisho wake ni siku 90 ndani ya siku 180, na ni ya kutembelea. Usiichukulie kama kibali cha kazi. Iceland ina viza maalumu ya wanaofanya kazi kwa mbali, lakini ni kwa raia wa nchi ambazo haziitaji viza kuingia Schengen. Sisi hatumo. Yule kijana anaweza kuja Ufipa na kompyuta yake kirahisi kuliko mimi kwenda kwake.

Lakini kazi yenyewe haikuniomba pasipoti. Hadi chuo kinafunguliwa nilikuwa nimelipa ada yote niliyodaiwa. Kama kwenu ni Makete, Njombe, Lushoto au Sumbawanga, kazi hii inawezekana. Ila kabla hujaifungua kompyuta usiku, angalia kwanza jiko liko wapi.