Programu Hasidi Katika Simu Janja: Namna ya Kuzibaini na Kuziondoa

Bando la wiki lililonunuliwa Jumatatu linapoisha kabla ya Jumatano, ilhali mwenye simu hajatazama hata video moja, lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu. Betri ikiisha saa sita mchana, lawama huangukia betri. Matangazo yanayojitokeza juu ya kioo hata pale simu isipotumika huchukuliwa kuwa ndiyo tabia ya simu za siku hizi. Kila moja kati ya dalili hizo inaweza kuwa na sababu yake ya kawaida. Zikitokea zote kwa wakati mmoja, mwenye simu ana haki ya kushuku kuwa ndani ya simu yake imo programu inayomtumikia mtu mwingine.

Suala hili lina uzito kwa wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama kwa sababu simu sasa ndiyo pochi na ndiyo dirisha la malipo. Ushuru, leseni za biashara na ada mbalimbali za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba kupitia simu. Mfanyabiashara wa dagaa hupokea malipo ya mzigo wake kwa simu, na mara nyingi akiba ya kikundi hukaa katika laini ya mtunza hazina. Simu ya mtunza hazina ikiingiliwa, anayepata hasara si yeye peke yake, bali wanachama wote wa kikundi.

Programu hasidi, ambayo wengi huiita kirusi, ni programu iliyotengenezwa kwa lengo la kuiba, kupeleleza au kujipatia fedha kwa kutumia simu ya mtu bila yeye kujua. Jina la kirusi hupotosha kidogo, maana hufanya watu wadhani kuwa simu huambukizwa kama mtu anavyopata mafua. Mfumo wa Android, unaotumika katika simu janja nyingi zinazouzwa nchini, umejengwa mithili ya nyumba ya kupanga: kila programu ina chumba chake na haiwezi kuingia chumba cha jirani isipokuwa imepewa ufunguo. Ufunguo huo huitwa ruhusa. Ipo ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, ya kuona majina ya simu, ya kutumia kamera, na nyinginezo. Kwa sehemu kubwa, programu hasidi hufunguliwa mlango na mwenye nyumba mwenyewe, kisha hukabidhiwa funguo kwa kubonyeza neno «ruhusu» bila kusoma. Kwa hiyo kazi ya kuitafuta ni kazi ya kukagua nani ameshika funguo zipi.

Milango inayotumika zaidi

Mlango wa kwanza ni programu zinazopatikana nje ya duka rasmi la Play Store. Hizi hufika kwa kiungo kilichotumwa katika kundi la WhatsApp, kwa kurushiana kati ya simu na simu, au kwenye vibanda vinavyoingiza nyimbo na filamu. Programu za WhatsApp zilizorekebishwa na watu wasiojulikana, ambazo hupendwa kwa kuwa huonyesha ujumbe uliofutwa na huruhusu laini zaidi, ni mfano unaostahili kutajwa kwa jina. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky ilieleza kuwa toleo mojawapo la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada, yenye uwezo wa kuonyesha matangazo, kumwandikisha mtumiaji katika huduma za kulipia na kuleta programu nyingine hasidi. Mtumiaji aliendelea kuchati kama kawaida.

Duka rasmi nalo si ngome isiyopenyeka. Mwaka 2019 programu ya CamScanner, inayotumiwa kupiga picha nyaraka na iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, iligundulika kubeba kipande hasidi kilichoingia pamoja na matangazo yake. Google iliiondoa, na ilirejeshwa baada ya kusafishwa. Hata hivyo, hatari ya Play Store ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya faili lililorushwa kutoka simu ya rafiki.

Mlango mwingine ni mikopo ya haraka ya mtandaoni. Programu hizi si lazima ziwe kirusi kwa maana ya kitaalamu, lakini zile zisizo na kibali hufanya kazi ileile: huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, kisha mkopaji akichelewa siku moja, ndugu, mwajiri na hata mchungaji wake hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kidijitali bila leseni. Anayetaka kukopa kwa njia hiyo anapaswa kwanza kuhakiki kama mkopeshaji anatambuliwa na Benki Kuu. Ikumbukwe pia kuwa mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na maelezo yake hupatikana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata bila kupakua programu kutoka kiungo cha mtu yeyote.

Kabla ya kugusa simu, linda fedha

Mtu akishuku kuwa simu yake imeingiliwa, kosa la kawaida ni kuanza kufutafuta programu huku laini yenye fedha ikiwa bado ndani. Inashauriwa azime data na Wi-Fi, kisha atoe laini na kuiweka katika simu ndogo ya batani, maarufu kama kitochi. Akiwa katika kitochi hicho, abadili namba ya siri ya huduma ya fedha kupitia menyu ya kawaida ya mtandao wake. Nenosiri la barua pepe na la akaunti ya benki libadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kinachoaminika. Kubadili namba ya siri ndani ya simu ileile inayopelelezwa ni sawa na kubadili kufuli mwizi akiwa sebuleni, anatazama.

Kuitafuta

Hatua inayofuata ni ukaguzi, na hauhitaji fundi. Ukaguzi usianzie kwenye alama za programu zinazoonekana usoni mwa simu, kwa kuwa zipo programu zinazoficha alama zao. Mahali pa kuanzia ni Mipangilio, ambayo wengi huiita setingi, sehemu ya programu, na kuifungua orodha yote. Mwenye simu aisome taratibu, jina baada ya jina. Kinachotafutwa ni programu asiyokumbuka kuiweka, programu isiyo na jina au yenye jina la kujificha kama vile «huduma ya mfumo», na programu yoyote iliyoingia siku chache kabla matatizo hayajaanza. Matumizi ya betri na ya data yaliyomo humohumo katika Mipangilio nayo hutoa ushahidi. Tochi au kikokotoo kinachotumia data nyingi kuliko WhatsApp kina maelezo ya kutoa. Tahadhari ni moja: programu nyingi za mfumo zina majina mageni lakini ni halali, hivyo jina geni peke yake si hukumu.

Baada ya orodha, zikaguliwe funguo kubwa. Ruhusa tatu zinahitaji kuangaliwa kuliko zote. Ya kwanza ni ile ya ufikivu, iliyowekwa kwa nia njema ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, lakini ambayo humpa aliye nayo uwezo wa kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Ya pili ni usimamizi wa kifaa, ambayo programu hasidi huitumia kujikinga isifutwe. Ya tatu ni ya kuonekana juu ya programu nyingine, ambayo huwezesha kufunika ukurasa wa benki kwa ukurasa bandia. Mchezo, tochi au programu ya picha haina sababu yoyote ya kushika mojawapo ya funguo hizo.

Kipo pia kikaguzi kinachokuja na simu nyingi zenye Play Store, kiitwacho Play Protect. Hupatikana kwa kufungua Play Store, kubonyeza picha ya akaunti iliyopo pembeni juu, kisha kuchagua jina hilo na kuamuru ukaguzi. Zipo pia programu za kuzuia virusi za kampuni zinazofahamika. Kitu cha kuepuka ni lile tangazo jekundu linalotokea mtu akiwa anasoma habari mtandaoni, likidai kuwa simu ina virusi kadhaa na kumtaka apakue «kisafishaji» mara moja. Ukurasa wa mtandao hauwezi kuichunguza simu kwa namna hiyo, na mara nyingi hicho kisafishaji ndicho kirusi chenyewe.

Kuiondoa

Programu iliyobainika huondolewa kwa mpangilio: kwanza hunyang'anywa funguo, ndipo hufukuzwa. Simu iwashwe katika hali salama, ambayo huzuia programu zote zilizoongezwa na mtumiaji zisifanye kazi. Katika simu nyingi, hali hiyo hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha kuzima hadi chaguo la kuzima litokee, kisha kulishikilia chaguo hilo kwa kidole mpaka simu iulize. Ikiwa katika hali hiyo usumbufu umekoma, ni dalili kuwa chanzo chake ni programu iliyoongezwa. Hapo ruhusa ya usimamizi wa kifaa na ya ufikivu zizimwe, ndipo programu ifutwe kupitia Mipangilio. Faili iliyotumika kuisakinisha, ambayo kwa kawaida hubaki katika folda ya vilivyopakuliwa, nayo ifutwe ili mtoto asiifungue kesho. Kisha simu iwashwe kwa kawaida na ikaguliwe tena kwa Play Protect.

Ikishindikana, hubaki kuirejesha simu katika hali ya kiwandani, kitendo kinachofuta kila kitu. Picha na majina ya simu yahifadhiwe kwanza, lakini faili za programu zisihamishwe. Hapa pana jambo linalowakwamisha wengi. Baada ya kurejeshwa, simu inaweza kudai akaunti ya Google iliyokuwemo awali pamoja na nenosiri lake, kama kinga dhidi ya wezi. Wananchi wengi hawaijui akaunti hiyo kwa sababu ilifunguliwa dukani na muuzaji siku simu iliponunuliwa. Mtu wa namna hiyo akiifuta simu yake, anaweza kubaki na kipande cha kioo kisichofunguka. Zaidi ya hayo, nakala za majina na picha zake huenda zimekuwa zikihifadhiwa katika akaunti ambayo nenosiri lake analo mtu mwingine. Kila mwenye simu janja anapaswa kuingia katika Mipangilio leo, kuona ni akaunti gani imo, na kama si yake, kuhamisha vitu vyake na kuweka akaunti anayoimiliki mwenyewe.

Zipo programu hasidi chache zinazonusurika hata katika urejeshaji huo. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream, kupitia jukwaa lake la Secure-D, ilitoa taarifa kuhusu simu za aina ya Tecno W2 zilizokutwa na Triada na nyingine iitwayo xHelper. Ilirekodi miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000, nyingi zikiwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Mtengenezaji alisema chanzo kilikuwa mzabuni katika mnyororo wa ugavi na kwamba marekebisho yalitolewa. Simu yenye tatizo la namna hiyo huhitaji sasisho la mfumo kutoka kwa mtengenezaji, au kuflashiwa kwa mfumo halisi na fundi anayeaminika. Hatari huongezeka kwa simu bandia, zile ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianza kuzizima Juni 2016. Mnunuzi anaweza kuhakiki simu kabla ya kulipa kwa kupiga *#06# ili kupata namba tambulishi, kisha kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.

Endapo fedha zimeshachukuliwa, mwananchi apige 100 kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja ili muamala uzuiwe ikiwezekana, kisha afike kituo cha Polisi kupata namba ya RB. Asifute ujumbe wala picha za miamala, kwa kuwa ndizo vielelezo vya shauri chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ujumbe wa kitapeli, ukiwemo ule wenye kiungo cha kupakua programu, utumwe kwenda 15040 bila malipo, na mtumaji atatakiwa kuandika namba iliyoutuma. Aliyedhalilishwa na wakopeshaji wa mtandaoni kwa kutumia majina ya simu yake anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022. Kufuta programu ya mkopeshaji hakufuti majina ambayo ilikwisha kuyachukua.