Kati ya Nukta Mbili: Data za Satelaiti na Tabia ya Uendeshaji wa Mabasi Kigoma

Mabasi yanayotoka Kigoma kwenda mikoa mingine hufungwa vifaa vinavyopokea mawimbi ya satelaiti, chini ya mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ulioanzishwa enzi za SUMATRA na kurithiwa mwaka 2019 na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Kifaa hutuma mahali gari lilipo, saa na mwendokasi. Mtafiti hushawishika kuziita kumbukumbu hizo picha ya tabia ya dereva. Makala haya yanapinga wepesi huo.

Swali la udhibiti ni moja: je, basi limezidi kilomita 80 kwa saa? Tabia ya uendeshaji ni swali jingine, nalo hutegemea muda unaopita kati ya nukta moja na inayofuata. Tuchukue mfano. Basi linalokwenda kilomita 72 kwa saa husafiri mita 20 kila sekunde. Kifaa kikituma taarifa kila baada ya sekunde 30, mita 600 hupita bila ushahidi. Ndani ya mita hizo dereva anaweza kufunga breki ghafla, akamkwepa mwendesha baiskeli aliyebeba madumu ya mawese, kisha akarudia mwendo wake. Nukta zote mbili zitasema 72. Anayetaka kuchunguza breki ya namna hiyo anahitaji walau nukta moja kila sekunde.

Kona huongeza kosa. Barabara ya Kasulu inapopanda kutoka ukanda wa Ziwa Tanganyika, mstari ulionyooka kati ya nukta mbili ni mfupi kuliko njia yenyewe, hivyo mwendokasi unaokokotolewa kwa umbali huo hupungua kuliko ule halisi. Heri mwendokasi ambao kipokezi hupima chenyewe kutokana na mabadiliko ya masafa ya mawimbi.

Suala zito zaidi ni utambulisho. Nukta ni za gari, ilhali safari ndefu huwa na madereva wawili. LATRA imeleta kitufe cha utambuzi wa dereva, lakini kitufe huthibitisha kitufe tu; mikono iliyoshika usukani ni jambo jingine. Leseni ya mtu ndiyo riziki yake. Kwa sababu hiyo, uchambuzi wangu unahusisha rekodi na basi na kipande cha barabara, na haumtaji dereva yeyote kuwa mzembe pasipo mashuhuda waliokuwamo safarini.