Kitabu cha Kwanza cha Lugha ya Kompyuta: Tazama Kabla ya Kununua

Siku hizi si ajabu kijana, awe wa kiume au wa kike, kuwaomba wazazi wake fedha za kununua kitabu cha kujifunzia lugha ya kompyuta. Ombi hilo ni jema. Lakini aghalabu kitabu huchaguliwa kwa uzuri wa jalada lake, na baada ya majuma mawili hubaki kimefunikwa na vumbi, huku kijana amekwisha kuamini kwamba akili yake haitoshi. Fedha iliyopotea hutafutwa tena; moyo uliovunjika ni shida kuunga. Kwa sababu hiyo, yafaa mzazi na mwanafunzi waangalie mambo matatu kabla ya kununua.

La kwanza, kitabu kimeandikiwa nani? Lugha ya kompyuta ni utaratibu wa maneno na alama za kuiagiza mashine kazi. Kuna vitabu vya mtu asiyejua lugha yoyote ya namna hiyo, na kuna vya mtu ajuaye moja anayetaka kuongeza ya pili. Vyote huitwa vya kuanzia. Mwaka 1978, Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa kitabu cha lugha iitwayo C. Ni kitabu chembamba kilichosifika duniani kote. Mfano wake wa kwanza, wa kuiamuru kompyuta iusalimu ulimwengu, umekuwa desturi katika vitabu vya aina hiyo. Hata hivyo, waandishi wenyewe walieleza katika dibaji kwamba msomaji wao ni mtu aliyekwisha kuonja kazi ya kuandika programu. Basi mgeni kabisa anayeshindwa nacho si mjinga. Ameingia darasa la tano bila kupitia la kwanza. Mgeni huyo angefaidika zaidi na kitabu kama kile cha Al Sweigart cha mwaka 2015 juu ya lugha ya Python, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasiopata kuandika programu, ambacho pia husomwa bila malipo katika intaneti.

La pili ni mwaka wa kitabu. Lugha za kompyuta hubadilika. Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ilipata toleo la tatu mwaka 2008, na toleo hilo halikupatana na la pili katika mambo kadha wa kadha. Katika toleo la pili, amri ya kuchapisha ilisimama bila mabano. Katika la tatu, kinachochapishwa lazima kiwekwe ndani ya mabano. Toleo la pili liliachwa kutunzwa tangu tarehe 1 Januari, 2020. Kijana aliyeuziwa kitabu kikuukuu kwa bei nafuu atanakili mfano neno kwa neno, na mashine itamkatalia. Atajilaumu yeye, kumbe kosa ni la umri wa kitabu. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, kisha uulize ni toleo gani la lugha linalofundishwa humo.

La tatu ni mazoezi. Python ina maneno yake maalum 35 tu, na kuyakariri si kazi kubwa. Kazi ni kuyapanga hata yatatue jambo, na ujuzi huo hauji kwa kusoma tu. Kitabu kisichompa msomaji mazoezi mwishoni mwa sura kinamwachia nusu ya safari. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asiye na kompyuta kila siku na aandike programu katika daftari, aifuate mstari kwa mstari kwa kalamu, kisha aijaribu siku apatapo mashine.

Mzazi asiyejua kompyuta naye ana nafasi yake. Vingi vya vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, na kijana aweza kuyapita maneno bila kushika maana. Jioni, shughuli za nyumbani zikiisha, mama au baba amwambie amweleze sura aliyoisoma kwa Kiswahili chepesi. Akikwama, na airudie sura hiyo kabla ya kufunua nyingine.